Ndege Isiyofikiwa na Kombora, Ikashindwa na Filamu

Tarehe 28 Julai 1976, katika anga ya California, ndege mbili za aina ya SR-71 za Jeshi la Anga la Marekani ziliweka rekodi ambazo hadi leo hakuna ndege nyingine ya jeti yenye rubani iliyozivunja rasmi. Moja ilikwenda kilomita 3,529 kwa saa. Nyingine iliruka kwa usawa, bila kupanda wala kushuka, katika kimo cha mita 25,929. Ukipandanisha milima minne ya Kilimanjaro, bado ndege ile ingepita juu yake kwa zaidi ya kilomita mbili.

Sasa zilizosalia ziko makumbushoni, zote. Wakati huo huo ndege iliyozitangulia kwa zaidi ya miaka tisa, U-2, iendayo polepole kuliko ndege ya kawaida ya abiria, iliendelea na kazi ya upelelezi hadi karne hii. Mwenye mbio kapumzishwa, mwenye mwendo wa kobe akabaki kazini. Jambo hili linahitaji maelezo, na maelezo yenyewe yamo ndani ya uhandisi wa ndege hizo kuliko katika simulizi za ushujaa wa marubani.

Mwaka 1954 Rais Eisenhower alikuwa na tatizo moja kubwa: hakujua Umoja wa Kisovieti una mabomu mangapi, ndege ngapi, na viwanda gani vimejificha nyuma ya Milima ya Ural. Clarence "Kelly" Johnson, mhandisi wa Lockheed aliyeongoza karakana ya siri mjini Burbank, alikuja na jibu la mtu anayejua kubana matumizi: chukua umbo la ndege ya kivita, lipunguzie kila kilo isiyo ya lazima, lipe mabawa marefu kama ya ndege isiyo na injini, kisha lipandishe kilomita 21 juu, mahali ambapo ndege za kivita na makombora ya siku zile havifiki. U-2 iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 1955. Magurudumu yake yalipangwa mbele na nyuma kama ya baiskeli ili kupunguza uzito, na ikitua hufuatwa na gari linalokimbia nyuma yake, rubani mwenzake akimtajia aliye ndani ni futi ngapi zimebaki kugusa ardhi.

Kule juu, mafuta ya kawaida ya ndege yangechemka na kugeuka mvuke ndani ya matangi. Kampuni ya Shell ikatengeneza mafuta maalumu, na historia ya mradi iliyotolewa na CIA inasema malighafi yake ilikuwa ile ile iliyotumika kutengenezea dawa ya kuulia wadudu ya Flit, hata dawa hiyo ikaadimika madukani Marekani mwaka 1955. Fliti ile ile iliyokuwa ikipulizwa vyumbani kwetu, basi, ilikuwa na undugu na Vita Baridi.

Hewa ikiwa nyepesi kiasi hicho, bawa linahitaji kasi kubwa ili kubeba ndege. Na papo hapo kasi ikizidi kidogo tu, hewa juu ya bawa hukaribia kasi ya sauti na ndege huanza kutikisika hadi kuvunjika. Katika kimo cha juu kabisa, nafasi kati ya kuanguka kwa kwenda polepole mno na kuvunjika kwa kwenda kasi mno ilikuwa kama kilomita 20 kwa saa. Rubani alikaa ndani ya mwanya huo kwa saa nane au tisa.

Lakini hesabu ya Johnson ilikuwa na pengo. Ilidhaniwa kuwa rada za Kisovieti hazitaiona U-2. Ziliiona tangu safari ya kwanza ya Julai 1956. Kilichokosekana ni silaha ya kuifikia tu. Silaha hiyo ilipopatikana, kombora la S-75, mambo yalikwisha. Tarehe 1 Mei 1960, Francis Gary Powers, aliyepaa kutoka Peshawar, Pakistan, aliangushwa karibu na Sverdlovsk. Alinusurika, akashitakiwa, na Eisenhower akasimamisha safari zote juu ya ardhi ya Kisovieti.

Kufikia hapo, mrithi wa U-2 alikuwa tayari kwenye ubao wa kuchorea. CIA iliichagua Lockheed mwaka 1959 ijenge ndege ya A-12, ambayo baadaye ilizaa SR-71, kwa mradi ulioitwa Oxcart. Hoja yake ilikuwa hii: kombora linahitaji muda. Rada igundue, mitambo ikokotoe, amri itolewe, roketi ipande. Ndege inayokwenda karibu kilomita moja kila sekunde huwa imeshasogea zaidi ya kilomita 50 katika dakika moja ya safari ya kombora. Juu ya kilomita 24 hewa haifiki asilimia 4 ya ile ya usawa wa bahari, na vibawa vidogo vya kombora havina cha kushikilia pale linapotaka kukata kona. Hivyo basi: kimo pamoja na kasi mara 3.2 ya kasi ya sauti. Karatasini hoja ilikuwa safi. Shida ilianza ilipobidi kujenga kitu chenyewe.

Adui wa kwanza alikuwa joto. Nje ya ndege kule juu kuna baridi kali, kama nyuzi 55 chini ya sifuri. Ila hewa inayogongwa na pua ya ndege katika kasi hiyo hubanwa na kusimamishwa ghafla, na mwendo wake hugeuka joto la karibu nyuzi 390 za Selsiasi. Wala joto hilo haliongezeki kwa uwiano na kasi. Linaongezeka kwa mraba wake. Concorde, iliyokwenda mara mbili tu ya kasi ya sauti, ililazimika kuhakikisha ncha ya pua yake haipiti nyuzi 127, kwa sababu ilijengwa kwa alumini, na alumini ikizidi hapo huanza kulegea. Kwa A-12, alumini haikuwa na nafasi kabisa. Chuma cha pua kingestahimili, lakini uzito wake ungeinyima ndege kimo.

Ikabaki titaniamu: ngumu karibu kama chuma, yenye uzito unaoikaribia alumini kuliko feleji, na yenye kustahimili joto. Marekani haikuwa na ya kutosha. Muuzaji mkubwa duniani alikuwa Umoja wa Kisovieti, na madini hayo yalinunuliwa huko huko kupitia kampuni za pembeni zilizoficha mnunuzi halisi. Wasovieti, bila kujua, waliuza mali ya kujengea ndege ya kuwapeleleza wao wenyewe.

Kuinunua ilikuwa rahisi kuliko kuifanyia kazi. Keekee zilikufa baada ya kutoboa mashimo machache. Vichwa vya bolti vilikatika vyenyewe vikipata moto, na uchunguzi ukaonyesha kwamba spana zilizotumika zilikuwa zimepakwa kadimiamu. Alama ndogo tu ya metali hiyo ilitosha kuidhoofisha titaniamu. Masanduku ya mafundi yakapekuliwa, spana zote za aina hiyo zikatolewa. Kisa cha mabati ya mabawa ndicho kinachonivutia zaidi. Yale yaliyounganishwa majira ya kiangazi yaliharibika mapema, yale ya majira ya baridi yalidumu. Mafundi ni wale wale, mashine ni zile zile. Hatimaye mtu akafuatilia maji. Mji wa Burbank uliongeza klorini katika maji ya bomba wakati wa kiangazi ili kuzuia mwani, na mabati hayo yalioshwa kwa maji hayo. Wakahamia maji yaliyokenekwa, na tatizo likaisha. Huu ndio uhandisi ulivyo wakati wa kazi: mwezi mzima wa kutafuta mchawi, kumbe mchawi yuko bombani.

Mwili wote uliopashwa moto ulitanuka, kwa hiyo ulijengwa kwa kuacha nafasi. Sehemu za juu na chini za mabawa zilipewa mikunjo ya kwenda mbele hadi nyuma, ili zitanuke bila kujipinda ovyo. Ukuta wa tangi la mafuta ulikuwa ni ngozi yenyewe ya ndege. Hapakuwa na mfuko ndani. Viungo vilizibwa kwa gundi maalumu, na gundi hiyo, baada ya kupashwa na kupozwa safari kadhaa, ilipasuka. Ndege ikavuja mafuta ikiwa imeegeshwa, na kitabu cha matengenezo kilitaja matone mangapi kwa dakika yanavumilika katika kila sehemu. Hapa kuna hadithi inayorudiwa sana: kwamba ndege ilivuja vibaya hata ikalazimika kujazwa mafuta angani mara tu baada ya kupaa. Sivyo. Ilipaa na mafuta machache ili iwe nyepesi endapo injini moja itakufa njiani, na ilijazwa angani ili matangi yajae na nitrojeni ichukue nafasi ya hewa yote iliyobaki, kwani hewa na mvuke wa mafuta katika chombo chenye joto la tanuri ni mlipuko unaosubiri siku.

Mafuta yenyewe, JP-7, yalitengenezwa yawe magumu kuwaka. Fundi angeweza kudondosha njiti ya kiberiti inayowaka ndani ya ndoo yake, ikazimika. Ugumu huo ulikuwa wa lazima kwa sababu mafuta yalifanya kazi mbili. Kabla ya kuchomwa yalizungushwa kupoza chumba cha marubani, mafuta ya hidroliki, vyombo vya umeme na sehemu za injini; yakiisha kubeba joto hilo yalipelekwa kuungua na kutoka kwa nyuma. Ndege iliitupa homa yake kupitia mkiani. Ila kitu kisichowaka kwa kiberiti huwashwaje? Kwa kemikali iitwayo TEB, ambayo huripuka moto ikigusana na hewa na kutoa mwali wa kijani. Kila injini ilipewa dozi 16 tu kwa safari. Kila uwashaji ulipunguza hesabu, na rubani alilazimika kuifuatilia hesabu hiyo.

Moyo wa ndege, kwa maoni yangu, haukuwa titaniamu wala mafuta. Ulikuwa mlango wa hewa. Injini ya jeti haiwezi kumeza hewa inayokwenda kasi kuliko sauti. Lazima ipunguzwe mwendo kwanza. Mbele ya kila injini palikuwa na koni kubwa yenye ncha kali, na ndege ilipozidi kuongeza kasi koni hiyo ilirudi ndani taratibu, hadi sentimita 66, ili mawimbi ya mshtuko ya hewa yakae mahali hasa yanapotakiwa, ndani ya koo la mlango. Ben Rich, ambaye baadaye alimrithi Johnson, ndiye aliyesimamia kazi hiyo. Injini ya J58 ya Pratt & Whitney nayo ilikuwa na mabomba sita makubwa yaliyochepusha sehemu ya hewa kutoka katikati ya kompresa na kuipeleka moja kwa moja nyuma, penye moto wa ziada. Katika mwendo kamili, wahandisi walihesabu kwamba zaidi ya nusu ya msukumo ulitokana na shinikizo la hewa katika mlango, na mashine yenyewe inayozunguka ilichangia chini ya moja ya tano. Hesabu hiyo isimdanganye mtu akadhani injini ilikuwa pambo: isipovuta hewa, mlango haufanyi lolote. Inaonyesha tu kwamba mbele, kati na nyuma vilikuwa mashine moja, na kwamba sentimita chache za koni zingeweza kuamua uhai.

Ziliamua. Wimbi la mshtuko likitemwa nje ya mlango, injini hiyo hupoteza msukumo kwa ghafla na ndege huvutwa upande mmoja kwa nguvu ya kumpigiza rubani kichwa kwenye kioo. Tarehe 25 Januari 1966, SR-71 iliyokuwa katika majaribio ilikuwa ikikata kona ya kulia, katika kasi zaidi ya mara 3 ya sauti, kwenye kimo cha kilomita 24, mlango wa injini ya kulia ulipotema. Ndege ilisambaratika. Rubani Bill Weaver hakuvuta kiti cha kujiokoa. Ndege ilivunjika ikamwacha hewani, amezimia, vazi lake la presha likiwa limejaa hewa na kumkinga. Mwavuli ulifunguka wenyewe na akatua akiwa hai katika mbuga za New Mexico. Mwenzake Jim Zwayer alifariki. Ilichukua miaka mingi, hadi kompyuta za kidijitali za mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya koni hizo kutawaliwa vizuri kiasi cha matukio hayo kuwa nadra.

Mengine nitayapita haraka. Umbo bapa lenye kingo kando ya mwili na mikia iliyoinama ndani lilipunguza mwangwi wa rada, na kingo hizo zikaongeza mbebeko. Rada haikupofushwa, ilicheleweshwa tu. Rangi nyeusi ilisaidia ngozi kutoa joto. Tairi zilichanganywa na unga wa alumini na kujazwa nitrojeni. Marubani walivaa mavazi ya presha kwa sababu juu ya kilomita 19 maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu, na chakula chao cha tyubu walikipasha kwa kukigusisha na kioo cha dirisha. Njia ilitafutwa na mtambo ulioziona nyota hata mchana. Kukata kona kulihitaji duara ambalo upana wake unaweza kupita kilomita 300, kwa hiyo safari ya juu ya nchi ndogo ilipangwa kabla ya kuondoka, na rubani hakuwa na cha kubadilisha.

Je, hoja ya kasi ilithibitika? Ndiyo. A-12 zilifanya kazi juu ya Vietnam Kaskazini kutoka Kadena, Okinawa, kuanzia Mei 1967. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo rubani Dennis Sullivan alirushiwa makombora kadhaa, na baada ya kutua mafundi walikuta kipande kidogo cha kombora kimekwama chini ya bawa. Huo ndio ukaribu mkubwa kabisa. SR-71 zilirushiwa makombora kwa miaka zaidi ya 20 na hakuna hata moja iliyoangushwa na adui. Kati ya 32 zilizojengwa, 12 ziliangamia, zote kwa ajali. Ndege iliwashinda adui zake. Kilichoishinda mara 12 ni ugumu wa kazi yake yenyewe.

Wasovieti walilijibu swali la kasi na joto kwa njia nyingine. Ndege yao ya MiG-25 ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa chuma cha pua chenye nikeli, kikalehemiwa, kwa sababu walikuwa na wachomeleaji wengi na walitaka ndege nyingi, upesi. Rubani wao Viktor Belenko alipotoroka na moja hadi Hakodate, Japani, Septemba 1976, wataalamu wa Magharibi walicheka vali za redio na ribiti zilizochomoza nje. Kicheko hicho hakikuwa na msingi. Aina yake ya upelelezi iliruka juu ya Sinai tangu 1971 na Waisraeli hawakuweza kuigusa. Haikuweza kudumu katika mwendo wa mara 3 ya sauti bila kuharibu injini, na masafa yake yalikuwa mafupi, lakini zilijengwa zaidi ya elfu moja za aina zote. Ndege ya Johnson na ndugu zake wote hawakufika zaidi ya 50.

Turudi kwenye swali letu la mwanzo. Nchi ambayo A-12 ilibuniwa kuipeleleza haikuwahi kupelelezwa nayo kwa kupita juu yake. Marufuku ya Eisenhower iliendelea baada yake, na Agosti 1960, miezi mitatu tu baada ya Powers, setilaiti ya Corona ilirudisha filamu iliyoonyesha eneo la Kisovieti kubwa kuliko safari zote za U-2 zikijumlishwa pamoja. Setilaiti haina rubani wa kushitakiwa. SR-71 ikabaki na kazi za pembezoni: mipakani, Korea, Bahari ya Baltiki, Mashariki ya Kati.

Na hapo udhaifu wake ukajitokeza. Katika vita vya Oktoba 1973, SR-71 iliondoka jimbo la New York hadi Sinai na kurudi, zaidi ya saa 10, ikijazwa mafuta angani mara kadhaa na ndege maalumu za kubeba JP-7. Juu ya uwanja wa vita ilikaa kwa dakika kadhaa tu. Kisha filamu ikarudi nayo mpaka nyumbani, ikatolewa, ikasafishwa, ikasomwa. Amiri jeshi alipata picha nzuri sana ya mambo yalivyokuwa jana. Mwaka 1976, mwaka ule ule wa rekodi, Marekani ilirusha setilaiti ya KH-11, iliyotuma picha kwa mawimbi ya redio bila filamu. U-2 nayo ikapewa mabawa makubwa zaidi, injini mpya na mtambo wa kurusha picha zake papo hapo huku ikizunguka saa nyingi mahali pamoja. SR-71 haikupata mtambo wa namna hiyo hadi miaka ya 1990, ilipofufuliwa kwa muda mfupi baada ya kustaafishwa.

Ndiyo maana nasema kilichoiua hakikuwa wivu wa majenerali wala ubahili wa Bunge, ingawa vyote viwili vilikuwepo. Wabunifu walipima kasi ya ndege, na wateja wao walikuwa wameanza kupima kasi ya habari. Kwa kipimo hicho cha pili, U-2 iendayo polepole ilikuwa na mbio kuliko ndege yenye mbio kuliko zote.

Mwaka 2013 Lockheed ilitangaza wazo la SR-72, isiyo na rubani, ya mara 6 ya kasi ya sauti. Kwa sheria ile ile ya mraba, hewa mbele ya pua yake itafika karibu nyuzi 1,500, na titaniamu haitafaa kitu. Na bado, mwezi Februari 2023 puto la China lilipoelea juu ya Marekani, ndege iliyopanda kulikagua na kulipiga picha kutoka juu yake ilikuwa U-2.